Herufi Iliyomezwa na Ngoma

Shangazi yangu ni dobi, na ulimi wake unachoma kuliko pasi. Mteja anayetaka shati lirudi na kola iliyonyooka habishani naye. Mwenye hamu ya kubishana hungoja Jumapili alasiri, tunapopiga pasi nguo za watu wa Jumatatu. Saa hizo mlango huwa wazi, redio inaimba juu ya rafu ya hanga, na mabishano ni ya muziki tu. Siasa amezipiga marufuku. Anasema zinamfanya aunguze nguo za watu.

Wanaokuja ni walewale. Yupo Fundi Spika, anayetengeneza redio duka la pili kutoka letu, mtu anayejiona kazaliwa na masikio ya ziada. Yupo Dereva wa teksi, ambaye huegesha gari mlangoni petu na yuko tayari kumfukuza abiria kama bado hajamaliza hoja yake. Halafu nipo mimi, binti wa mdogo wake Shangazi. Nakunja nguo, nafunga vifurushi, na kwa maoni yao sina haki ya kuchangia, kwa sababu mwaka wanaougombania nilikuwa sijazaliwa. Nachangia hivyohivyo.

Mwaka wenyewe wanauita mwaka wa mgao. Umeme ulikuwa ukija unapitia tu kusalimia, na wanamuziki walikuwa wanakimbilia studio ukiwaka, wanarekodi mara moja, basi, ukizimika ndiyo hivyo tena. Pengine ndiyo maana vibao vya mwaka ule vilitoka vikali namna ile. Hapakuwa na muda wa kuvipaka poda.

Sasa, redio ya mjini kwetu ina kipindi cha Jumamosi asubuhi. Wanachukua mwaka mmoja wa zamani na kutafuta kibao bora cha mwaka huo. Kila kikundi cha mashabiki kinapeleka wimbo mmoja na mtu mmoja wa kuutetea studio, kisha wasikilizaji wanapiga simu kuchagua. Jumapili moja, tangazo la kipindi liliposema Jumamosi ijayo ni zamu ya mwaka wa mgao, Dereva alitoka nje akapiga honi kwa furaha. Fundi Spika akaanza kukohoa ili ahutubie. Shangazi akamuwahi. Alisimamisha pasi kisigino chini, akasema, "Sisi tunapeleka wimbo wa mdogo wangu."

Wote wawili wakageukia redio, na hakuna aliyenitazama. Huyo mdogo wake ni baba yangu.

Baba ni fundi baiskeli. Ni mtu wa maneno machache na mikono yenye grisi, na asiyemjua hawezi kudhani kwamba kuna mwaka mji mzima uliimba wimbo wake. Uliimba, lakini kwa kucheka. Kiitikio alichotunga kilisema, "njoo basi unione." Kwenye kanda, mpiga ngoma alipiga pigo lake zito palepale kwenye herufi ya n, na kilichotoka redioni ni "njoo basi unioe." Hebu fikiria. Mwanamume mzima, sauti nzito ya kutosha kutisha mbwa, anasimama mbele ya maikrofoni kumwomba mtu aje amuoe. Na kwa sababu umeme ulikatika mara tu walipomaliza, hapakuwa na kurudia. Kanda ikatoka kama ilivyo.

Mji ulicheka mpaka ukashika mbavu. Kwenye harusi walikuwa wanakipiga kiitikio hicho bwana harusi anapoingia, ili watu waangue kicheko. Barabarani wanaume wenzake walimpigia miluzi na kumwambia, "Nakuja kukuoa, mpenzi, ngoja nijipange." Siku moja ukumbini shabiki mmoja alipanda jukwaani akamvisha shela. Baba alishuka nalo mkononi, akalikunja, akalirudisha kwa mwenyewe, na huo ukawa mwisho wake wa kuimba. Wimbo ukipigwa redioni hanuni wala hafoki. Ananyoosha mkono, anazima, anaendelea na spoku zake. Mimi ningevunja redio.

Shangazi aliwahi kumuuliza mara moja tu, na jibu lilikuwa, "Nilisema unione, dada." Kuanzia hapo akalivalia njuga. Ameligombania neno hilo kwenye foleni za maji, kwenye harusi za watu na hata kwa daktari wa meno huku mdomo uko wazi. Akishika jambo huyu mama, utadhani kalishonea mfukoni.

"Dada, tuzungumze kama mashabiki," Fundi Spika alianza, kwa upole wa mtu anayemtoa mtoto kibanzi. "Kibao bora ni gitaa. Mwaka ule kuna gitaa moja tu lililoweza kumtoa mtu machozi, nalo ni la *Taa ya Jirani*."

"Gitaa watu hawaliimbi," Dereva alimkata. "Kibao bora ni kile ambacho kila mtu anakijua bila kufundishwa. Nikipakia abiria kumi, wote wanakiitikia."

Shangazi akamgeukia Dereva taratibu, na mimi nikajua jamaa kajifunga goli mwenyewe. "Wimbo gani wa mwaka ule abiria wako wote kumi watauitikia?"

Dereva akakuna kisogo. "Sasa, mama... ule wa ndugu yako wataitikia, lakini ule si wa kuchekesha?"

"Nani aliyesema ni wa kuchekesha? Mtunzi au ngoma?"

Fundi Spika hakukubali kuburuzwa. Alikwenda dukani kwake akarudi na spika mbili kubwa, akiziyumbisha kama mtu aliyebeba mbuzi wawili, pamoja na kanda yenyewe, ambayo aliirudisha nyuma kwa kalamu kwa sababu mashine yake hula kanda. Akasema kama n ipo, spika hizi zitaitoa. Tukaacha kazi. Shangazi aliinama mpaka shavu likagusa waya wa spika. Wimbo ukaanza, kiitikio kikafika, ngoma ikapiga: du! Unioe. Tukarudisha. Unioe. Fundi akapunguza besi, akaongeza besi, akatikisa nyaya. Unioe.

"Dada, n haipo," Fundi alisema, na ninamsifu kwamba hakucheka. "Ningekuwa nayo ningekupa."

"Ipo chini ya ngoma."

"Iwe chini ya ngoma au chini ya kitanda, haisikiki. Na wimbo ni kile watu walichosikia, siyo kile mwimbaji alichokusudia."

"Kwa hiyo mimi nikikuambia shikamoo, wewe ukasikia shika moto, utaungua?"

Dereva alicheka mpaka akakaa juu ya kifurushi cha shuka za watu. Shangazi hakucheka. Alichukua pasi yake, akaipima kwa kidole chenye mate, akaendelea na shati, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nisikilizeni. Mimi kikombe cha ushindi sikitaki. Mji huu ulimcheka mdogo wangu hadharani kwa neno ambalo hakulisema. Nataka ulisikie alilosema, mara moja tu, hadharani vilevile. Mkinipa nafasi hiyo, mwakani pelekeni gitaa lenu, nami nitawapigia makofi."

Fundi Spika akatazama spika zake, kisha akamtazama Shangazi. "Nenda," alisema. "Lakini ukishindwa usituletee kununa hapa."

Nilimwambia Baba Ijumaa, nikimshikia gurudumu. Aliendelea kulizungusha muda mrefu, akiangalia kama limenyooka. "Mwambie dada aache," alisema. Nikaenda nikafikisha ujumbe. Shangazi alikuwa anatia wanga kwenye gauni lake la kuendea studio. "Mwambie nimesikia," alijibu, na gauni likaendelea kukakamaa.

Studio ilikuwa chumba kidogo, kuta zimebandikwa sponji, joto lake kama la kwetu tukiwasha pasi zote. Mtangazaji alikuwa kijana mchangamfu, wa wale wanaojicheka kabla ya kumaliza utani. Zamu yetu ilipofika alisogelea maikrofoni akapaza sauti, "Na sasa, wapenzi wasikilizaji, yule bwana aliyetafuta wa kumuoa!" Akapiga kiitikio tu, bila beti, kama wanavyofanya siku zote. Nyuma ya kioo fundi mitambo akaanza kutikisa mabega.

Shangazi alingoja ngoma iishe. "Toa ngoma, baba," alimwambia kijana.

"Haitoki, mama. Vyote viko kwenye kanda moja."

"Basi nitaimba mimi."

Shangazi yangu hajui kuimba. Nalisema hili nikimpenda sana. Sauti yake ni ya kuita wateja waliosahau kuchukua chenji zao. Lakini alikaa wima ndani ya gauni lake lenye wanga, akafumba macho, akaanzia mwanzo, kwenye ubeti ambao mji mzima haukuwahi kuusikiliza kwa kukimbilia kicheko:

"Dirisha langu latazama ukuta,
kitanda cha pili kimepata mgeni,
mimi nimebaki na shuka na dawa,
njoo basi unione."

Ile n aliigongomea kama msumari. Fundi mitambo akaacha kutikisika. Mtangazaji alibaki na tabasamu lililokosa pa kwenda, na mimi nililia, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza nilielewa kwamba Baba alikuwa amelala wodini akitazama mlango.

"Mama," kijana aliuliza, sasa kwa sauti yake ya nyumbani, "alikuwa anamwita nani?"

Shangazi akafumbua macho. Huyu ni mtu mwenye jibu kwa kila mtu. Hata wezi wa nguo kwenye kamba anawajibu. "Sijui," alisema. "Sikuwahi kumuuliza."

"Miaka yote hii?"

"Nilikuwa nagombania neno."

Simu zikapigwa. Mwanamke mmoja alisema wimbo ule ulichezwa harusini kwake na kwamba leo ameona haya. Wengine walisema wataendelea kuucheka, na wao ni wengi kila mahali. Hatukushinda, wala hatukukaribia. *Taa ya Jirani*, iliyoletwa na kikundi kingine, ilizoa kura, na baadaye tuligundua kwamba Fundi Spika naye alipiga simu kuichagua. Alipobanwa alisema gitaa ni gitaa.

Tulipotoka, nilidhani tunaelekea kazini. Jumamosi ndiyo siku wateja wanajaa, na Dereva alikuwa anatungoja na mlango wa teksi wazi. Shangazi akamtajia mtaa wetu. Nilishtuka. Tangu tulipomzika mama yangu hakuwa amekanyaga kwetu, wala si kwa ugomvi. Kazi tu. Siku zote ni Baba aliyekwenda kwake, akakaa kwenye benchi la wateja, akanywa chai huku Shangazi akizungumza naye kwa mgongo, akipiga pasi.

Nilitangulia kuingia. Baba alikuwa amekaa kitandani, viatu miguuni, redio imewaka. Hakuizima. Alipomwona dada yake mlangoni alisimama haraka, akatafuta kitambaa cha kufutia kiti.

"Ulikuwa unamwita nani?" Shangazi alimuuliza, hata hodi hajamaliza.

"Kaa kwanza, dada."

"Sikai mpaka uniambie. Nimeulizwa mbele ya mji mzima nikakosa cha kusema. Ni msichana gani huyo aliyekuacha wodini?"

Baba alikunja kitambaa, akakikunjua. "Hakukuwa na msichana," alisema. "Nilikuwa nakuita wewe. Nilituma watu, wakarudi wakasema kazi imekubana, utakuja. Kila wagonjwa wenzangu wakipata wageni nilikuwa natazama mlango. Mwisho nikautunga wimbo palepale kitandani, nikaurekodi nilipotoka; nikasema, dada yangu hakosi kusikiliza redio."

Nilimwangalia Shangazi. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mkono ule wenye makovu ya pasi.

"Niliusikia," alisema.

"Najua."

"Niliusikia nikiwa kazini, kwenye chumba cha kufulia. Nikacheka na wenzangu mpaka tukaangusha shuka safi chini. Nikawaambia, huyo ni mdogo wangu, kachanganyikiwa anataka kuolewa." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilicheka, mdogo wangu. Nilicheka kama wao."

"Kila mtu alicheka, dada," Baba alisema. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana ilichoma. "Lakini wale wengine sikuwa nimewaita."

Nilitamani kutoka nje, lakini Shangazi alikuwa ameziba mlango. Shangazi akafanya kama anavyofanya akikuta doa ambalo wengine wamekata tamaa nalo: akavuta pumzi, akakunja mikono ya gauni lake, akaingia ndani. Hakukaa kwenye kiti alichofutiwa. Alikaa kitandani, karibu na Baba, akamshika mkono wenye grisi akauweka juu ya gauni lake jeupe, wanga na vyote.

Simu yake ikaanza kulia. Alikuwa mteja, na sauti yake tuliisikia wote: yuko mlangoni, duka limefungwa, anataka suti yake, ana shughuli mchana huu.

"Leo hatufungui," Shangazi alimwambia. "Nimekuja kumwona mdogo wangu."

Mteja akauliza atarudi saa ngapi. Shangazi akakata simu.