Rangi Mpya Kwenye Boriti ya Kati

Mkaguzi huyu wa madaraja watu walimbandika jina Mama Nyundo, naye hakuchukia. Nyundo haikumtoka mkononi. Kila kitu alikigonga kwanza ndipo akakiamini: zege, chuma, hata tikiti maji sokoni. Mumewe husema amebaki yeye tu kupimwa kwa nyundo, na huenda zamu yake ilishapita akiwa usingizini.

Basi siku ya kukagua daraja la mtoni alipokelewa na mdogo wake wa tumbo moja, msimamizi wa kikosi cha matengenezo. Alipokelewa vizuri mno: kiti kivulini, soda baridi, ngazi imeshasimamishwa. Hapohapo akashuku. Huyu ndugu yake tangu utotoni hakuwa mtu wa kumwekea mwenzake kiti.

Akapanda ngazi. Chini ya daraja boriti zote zilikuwa na kutu na vumbi, isipokuwa ya kati, iliyong'aa kwa rangi mpya. Na hiyo ya kati ndiyo yenye ufa mwembamba kama unywele. Mwaka uliopita aliutia alama pale ulipoishia, ili ajue kama unatembea.

Akauliza kwa nini hii moja tu. Mdogo wake akasema rangi ilitosha hiyo tu, nao walitaka mgeni akute pasafi. Vijana wake wakageuka kutazama mto.

Mama Nyundo akaikwangua rangi kwa brashi ya waya. Ufa ukatokea, alama haikutokea. Kabla ya kupaka walikuwa wamepitisha mashine ya kusaga kutu, nayo imekilainisha chuma hata ncha ya ufa haijulikani iko wapi.

"Haujakua, dada. Naupita kila siku."

"Unaupita, au unautazama?"

"Ukifunga daraja, nitalaumiwa mimi, kazi sina. Dada, si unanijua?"

"Nakujua sana. Ndiyo shida."

Lori likapita juu yao, vumbi likamwagikia kilemba chake. Kama mdogo wake alificha au alisafisha tu, hakuweza kusema, na kwa boriti ile ilikuwa mamoja. Akapiga simu ofisini: malori yasipite mpaka ije mashine ya kuona ndani ya chuma.

Mdogo wake mwenyewe ndiye aliyeviringisha mapipa ya kuziba njia. Dereva wa kwanza akafoka, nani kafunga?

"Dada yangu. Kabishane naye wewe. Mimi nimeshindwa tangu tukiwa watoto."

Mama Nyundo alimsikia. Hakucheka. Akaisogeza ngazi kwenye boriti iliyofuata.