Kura ya kumi na tisa

Mpima mizigo wa stesheni ya Kindu alikuwa na vidole vinene na sauti ndogo iliyokulazimisha umsogelee. Hakutaja kilo ya gunia lolote mpaka asome mizani mara mbili. Kila Jumamosi, kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, aliwapanga wajamaa wenzake kumi na saba kwenye mtaro wa mtaa wa Kasuku. Watu watatu wakiongea mikono mitupu waliitwa waasi. Kumi na wanane wenye majembe waliitwa maendeleo. Basi walijadiliana wakichimba, na kura wakapiga kwa kuinua jembe.

Siku hiyo walikuwa wakiamua kama wadai mukubwa wa mtaa achaguliwe na wakaaji wenyewe. Majembe yote yakiwa juu, Mauwa, mmoja wa wachimbaji, akamwona kijana wa chama tawala anakuja.

"Munangojea nini na majembe hewani?" kijana akauliza.

"Tunakungojea wewe, sitoyeni," mpima mizigo akamjibu, akimwita raia kama chama kilivyotaka, na kumpa jembe la ziada lililolala mtaroni. "Inua, tuanze pamoja."

Kijana akainua. Mpima mizigo akayatazama majembe, akayatazama tena, ndipo akaanzisha wimbo, na mtaro mzima ukapiga udongo.

Kijana alipoondoka, Mauwa akashusha pumzi. "Papa, tumepata kura ngapi?"

"Kumi na tisa. Nimesoma mara mbili."