Mama Alivyomwombea Mfalme wa Warusi

Miaka ile nilikuwa nikifundisha historia katika shule moja ya wasichana Eldoret, na kwa kiburi cha ujana niliipenda mada moja kuliko zote: jinsi mfalme wa Warusi alivyong'olewa, akauawa pamoja na mkewe na watoto, na wakomunisti wakashika nchi. Niliisimulia kwa madoido yote.

Msichana mmoja wa darasa lile akaenda nayo nyumbani. Kwao kulikuwa jirani na kwa mama yangu, njia ya Moiben, kwenye shamba la mzungu ambalo watu walikuwa wamelinunua kwa hisa. Mama alikuwa kibarua wa mzungu huyo miaka mingi, akimwita Bwana. Sasa alikuwa ameuza ng'ombe wake wote ila mmoja, ili naye agawiwe ploti. Msichana alimsimulia kisa wakikama, naye mama akadhani ni habari za juzijuzi.

Jumapili kanisani, wakati wa maombi, mama akasimama kando yangu.

"Baba Mungu, tunakumbuka familia ya ule mfalme wa Urusi. Hata watoto, Baba! Wameuawa juu baba yao alikalia shamba yote peke yake. Uchunge Mwenyekiti wetu pia, hiyo nyumba kubwa isimletee kifo."

Watu wakaitika amina. Mwenyekiti wa shamba, aliyeketi benchi la mbele, hakuitika. Yeye alihamia nyumba ya mzungu siku ileile mzungu alipofungasha virago, ati kuitunza kwa niaba yetu, na wengine wakabaki kwenye vibanda vya vibarua wakingoja kugawiwa. Aligeuka polepole, akamtazama mama, kisha mimi.

Jioni akaja kwa mama, akanywa chai, akayasifu maziwa.

"Mwalimu, huyo mfalme alikufa lini?"

"Zamani, Mzee. Mimi sijazaliwa."

"Na hao makomunisti, walipatia watu mashamba?"

"Waliwapa. Baadaye wakawanyang'anya."

Akacheka hadi akafuta macho. "Sasa hiyo ndiyo ufundishe."

Siku zile kuitwa mkomunisti kulitosha kumpotezea mtu kazi, au kumpoteza mwenyewe. Mimi na yeye tulilijua hilo. Mama, ambaye hakulijua, akamwongeza chai.

Alipoondoka nilimsihi mama aende amwombe radhi. "Niombe radhi kwa kuombea mtu?" akaniuliza. Nililala kwa hofu wiki zile zote.

Siku ya kugawana, vikaratasi vya ploti vilitiwa ndani ya kofia, na kila mwanahisa akachota chake kwa mkono wake. Mama alitaka kule juu tu, penye udongo wa mahindi. Zamu yake ilipofika, Mwenyekiti akaivuta kofia.

"Mama, macho yako imezeeka," akasema kwa upole. "Wacha nikuchagulie."

Mkono ulioingia kofiani ulikuwa umefumbwa tayari. Akasoma: bondeni, kwenye kinamasi ambacho hata mzungu aliwaachia vyura. Kila mtu aliona.

Mama alikipokea kikaratasi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Asante, Bwana," akasema.

Neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu mzungu aondoke.