Sauti Niliyoikata Ilimtenga Baba Mkwe na Mdogo Wake

Admin, nifichie jina, maana humu wamo mawifi zangu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, naishi Mwanza, nimeolewa na nina watoto watatu. Tunaishi na baba mkwe, mwalimu mstaafu ambaye macho yamemwishia, na mimi ndiye ninayemsomea na kumwandikia. Ananipenda kuliko wanawe wa kuwazaa, na hilo ndilo linaloniua.

Miaka ya tisini, vyama vingi vilipoanza, nilikuwa binti nafanya kazi kwenye duka la kurekodi kaseti pale Mirongo. Siku hizo simu zilikuwa za wenye nazo, kwa hiyo watu walikuja kurekodi salamu kwenye kaseti, wakampa msafiri awapelekee ndugu zao. Mwalimu huyu, aliyenifundisha darasa la sita, alikuwa anagombea udiwani. Alikuja kumrekodia mdogo wake aliyeko Ukerewe, amweleze kampeni zinavyokwenda. Mahali fulani akasema, "Kuna wanaosema wavuvi ni watu wa kuhongwa pombe tu, wamekwisha. Mimi siamini hivyo, ndiyo maana nakwenda kwao mikono mitupu."

Bosi wangu alikuwa upande wa mpinzani wake, na alibaki na nakala. Akaniambia, "Hebu toa maneno ya mwanzo na ya mwisho, tuone kama unaweza." Niliweza. Redio mbili, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, nusu saa kazi imekwisha: "Wavuvi ni watu wa kuhongwa pombe tu, wamekwisha." Sitawadanganya kwamba nililazimishwa. Nilijiona fundi, na tulipoisikiliza nilicheka mpaka machozi.

Kaseti ile ilipigwa mwaloni Igogo, wavuvi wanakoshusha samaki, ikapigwa kwenye vibanda vya chai, ikafika hadi foleni ya kivuko cha Busisi, kwa watu ambao hata kura hawampigii. Mwalimu alishindwa vibaya. Akaja dukani, nikamwamkia, akaniuliza taratibu, "Binti yangu, mlibaki na nakala?"

"Hapana, Mwalimu. Sisi hatubakigi na nakala za watu."

"Nakuamini. Wewe nimekufundisha mwenyewe."

Kwa hiyo akabaki mtu mmoja tu wa kulaumiwa: mdogo wake aliyepokea kaseti. Mdogo mtu aliapa, akatuma wazee, akaja mwenyewe na mkewe, mlango haukufunguliwa. Mpaka leo hawaongei. Miaka michache baadaye niliolewa na mtoto wa Mwalimu, na baba mdogo hakualikwa harusini. Mimi bibi harusi nilijua kwa nini, na keki nikakata.

Mtaniuliza nilipata wapi uso wa kuingia nyumba ile. Nilimpenda mwanawe, basi. Nikadhani nikiwa mkwe mwema yatajifuta yenyewe. Hayajifuti.

Sasa juzi imesambaa kwenye magrupu sauti ya mgombea mmoja akiwatukana wafugaji. Sauti yake kabisa, kumbe imetengenezwa na kompyuta. Kata yetu wameitisha kikao, watu watoe maoni kuhusu sheria ya kudhibiti sauti na video za uongo mitandaoni wakati wa kampeni. Baba mkwe alichangamka, akaniita niandike maoni yake.

"Andika, mama. Mtandao ukigundua sauti ni ya uongo, wote waliotumiwa watumiwe na ile ya kweli. Na aliyeitengeneza ajitaje mwenyewe, mbele ya watu wale wale walioisikia."

Nikaandika. Kisha akasema, "Weka na mfano ili waelewe. Andika kwamba mimi niliuzwa na mdogo wangu wa tumbo moja. Utaje na jina lake, lote."

Niliweka kalamu chini. Nikamwuliza, "Baba, una hakika ni yeye?"

"Kama si yeye ni nani? Ni wewe?" Akacheka. Mzee alikuwa ananitania.

Wiki iliyopita binti wa baba mdogo alinipigia kutoka Ukerewe, akaniambia, "Wifi, baba anaumwa sana, na kutwa nzima anamtaja kaka yake." Sikumwambia mtu yeyote. Mume wangu hajui lolote kuhusu kaseti ile, na nikisema sijui kama nitabaki na ndoa. Mzee naye ana presha, naogopa nisije nikamwua kwa ukweli baada ya kumwumiza kwa uongo. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa atakufa akiitwa msaliti, tena safari hii mbele ya kata nzima.

Kikao ni Jumamosi. Karatasi ninayo mimi, na kesho asubuhi anataka nimsomee asikie kama imekaa sawa. Pale kwenye mfano nimeacha nafasi, jina sijaandika. Ndugu zangu, naombeni ushauri kwa moyo wote, hata wa kunitukana nitaupokea: nimsomee jina la nani?