Nilivyotapika Futari ya Bi Mwanajuma

Nikisikia harufu ya mihogo inachemka kwenye tui la nazi, huondoka mahali hapo. Si harufu mbaya, jamani, sijui nzuri kuliko hiyo. Lakini huja na hasira, na leo acha niiseme.

Sisi tulikuwa Wakamba wa kuja, tumepewa shamba juu ya Msambweni. Jirani yetu Bi Mwanajuma, Mdigo, kila Ramadhani alituletea sahani ya futari kabla yeye mwenyewe hajafuturu. Mama aliirudisha na mahindi mabichi ndani. Hakuna aliyeona ajabu.

Nilipokuwa na miaka minane, Mwalimu Ruthi wa Sande skuli akatuambia kwamba Mungu anaona kila tonge, na ukila chakula cha mfungo wa watu wengine atakupiga pale panapouma. Jioni ile ile sahani ikaja. Nikala. Mihogo ilikuwa laini, ningefanyaje?

Asubuhi mdogo wangu Mutua akaamka anachemka kwa homa. Mama alikuwa keshakwenda shamba la mbali. Nilikimbilia nyuma ya choo, nikatia kidole kooni, nikatapika mpaka yakabaki mate matupu. Nikamwambia Mungu, "Nimeitoa yote. Muache."

Niliporudi ndani, Mutua alikuwa ameshikwa na degedege. Nilipiga ukelele, na aliyekuja ni Bi Mwanajuma.

"Lete leso, mwanangu! Mbona umesimama kama mwiko?"

Akamfunga Mutua mgongoni, akateremka mbio hadi barabarani, jua kali, naye amefunga. Hospitali wakasema malaria. Mutua akapona.

Sahani ilipokuja tena, nilimzuia Bi Mwanajuma mlangoni.

"Shikamoo, Bi. Mimi sili."

"Marahaba. Kwani chakula changu kimekukosea nini? Ama wangoja muthokoi wa kwenu?"

Alikuwa akinitania kwa mahindi yetu ya kukoboa. Sikucheka. Akageuka na sahani yake. Nilimfanyia hivyo Ramadhani nzima, mwanamke aliyembeba ndugu yangu, na nilidhani namwokoa Mutua!

Mungu yule sikumpenda. Nilisali kama mtu anayempita mbwa mkali: polepole, bila kumtazama usoni. Nilikuwa mtu mzima nilipojiuliza, je, asubuhi ile Mungu alikuwa wapi? Nyuma ya choo, akinichungulia natapika? Au barabarani, na yule mama aliyekuwa akikimbia na mtoto wa watu, koo limemkauka? Hakuna aliyenifundisha kumtafuta barabarani.

Wiki iliyopita binti yangu alipata homa. Kabla sijamgusa hata paji la uso, nilisimama katikati ya chumba najiuliza nimekosa nini. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne! Mtoto ananiita, nami nimesimama natafuta dhambi. Kwa dakika ile, Mwalimu Ruthi, sijakusamehe.