Kodiani Iliyomzidi Yuster

Kwaya yetu ya Bugarama ilikuwa haiziki mtu kimya. Jeneza likitoka nyumbani, Mwalimu Paschal alitangulia na kodiani kifuani, sisi nyuma yake tukiimba, tukapanda mlima mpaka makaburini. Hata mke wake alipofariki, Mwalimu alimsindikiza hivyohivyo, machozi yanamtiririka na vidole havikosei. Mwaka juzi akaanza kukohoa, miguu ikavimba, na kodiani yake ya siku nyingi ikachanika mivukuto pabaya, hata gundi ya viatu haikushika. Ndipo alipotuambia mazoezini, bila kumung'unya maneno, kwamba kufa hakuogopi. Anachoogopa ni kupandishwa mlima ule kwa muziki wa spika.

Aliyejitokeza kujifunza alikuwa Yuster peke yake. Tuliguna. Yuster ni jirani yangu, mjane, mfupi, mwembamba, mabega kama ya mtoto wa shule. Analima maharage bondeni, na siku nyingine anauzia ndizi madereva wa malori yanayoelekea Rusumo. Akikosea wimbo hucheka mwenyewe kabla hatujamcheka. Lakini sikio analo. Mwalimu alimpakatisha ile kodiani mbovu, na upepo ukivuja hivyohivyo mkono wake wa kulia ukautafuta wimbo mpaka ukaupata. Tangu siku hiyo nikawa namkuta anapiga vidole juu ya meza tupu, ugali unaungua jikoni.

Mwalimu akamwita Bulugu, mwenyekiti wa kwaya, mimi nikiwepo.

"Mtafutieni ndogo," alisema. "Kidevu chake kionekane juu yake, asijifiche nyuma kama yuko dirishani. Na asiijaribu amekaa. Ukikaa, mapaja ndiyo yanabeba. Avae, atembee nayo, apande hata kijilima. Mkono wa kushoto ndio unaovuta na kusukuma, ukichoka huo hakuna wimbo tena."

Bulugu ni Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Ni mkarimu kupita kiasi, na ubishi wake unauzidi ukarimu. Alikuwa ameahidi kuuza dume moja ainunulie kwaya kodiani, na sisi tulimpigia vigelegele mpaka akavimba kichwa. Tulipokwenda Biharamulo mjini kununua, alikataa Yuster asije. Alisema ni kumpotezea palizi yake bure.

Duka lilikuwa la Yahaya, muuza redio na vyombo vya muziki. Alikuwa na kodiani mbili: moja ndogo nyekundu, nyingine kubwa nyeusi, inang'aa kama gari la harusi.

"Mpigaji ni nani? Dada huyu?" Yahaya aliuliza.

"Si mimi, kaka. Yuko nyumbani."

"Basi mleteni mwenyewe aivae. Hiki si kitu cha kununuliana."

Bulugu aliitazama ile nyekundu kama mtu aliyepewa ndama kwa bei ya ng'ombe. "Hii ni ya kuchezea watoto," alisema. "Nikiingia nayo kanisani watu watasema nini?"

Nikamkumbusha maneno ya Mwalimu, moja baada ya jingine. Akacheka. "Mama, si ni huyu Yuster anayepandisha gunia la maharage kutoka bondeni bila kupumzika? Leo kodiani imshinde?"

"Gunia anabeba kichwani, mwenyekiti! Kodiani inavaliwa kichwani?"

Yahaya alicheka, Bulugu naye akacheka, nikabaki nimenuna peke yangu. Bulugu akavuta kiti, akajikalia, akaipakata ile nyeusi kwenye mapaja yake yanayoenea ndama, akaivuta mara moja. Ikanguruma barabara nzima. Watu wakasimama kutazama. Hapo nikajua mambo yamekwisha.

Yuster alipovishwa mbele ya kwaya, tuliona kitambaa cha kichwa na macho tu. Alisema, "Asante sana, mwenyekiti. Ni nzuri mno." Ningekuwa mimi ningesema vingine, lakini nani anamrudishia mzee dume lake mbele za watu? Mwalimu aliyekuwa ameegemea ukuta alifumba macho.

Akawa anakwenda kujifunza kando ya kitanda cha Mwalimu. Akikaa kwenye kigoda, alipiga vizuri, na mimi nilikuwa napita makusudi nisikie. Kisha Mwalimu anamwambia, "Sasa simama, mwanangu." Anasimama. Ubeti wa kwanza unakwenda, wa pili mkono unatetemeka, wa tatu mivukuto inabaki wazi haifungiki. Bega likamvimba, jembe likamshinda, magugu yakameza maharage yake. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Nilirudi kwa Yahaya kwa siri kuomba tubadilishe. Ile nyekundu ilikuwa imeondoka. Ilichukuliwa na kwaya ya ng'ambo ya Rusumo. Mpigaji wao alikuja mwenyewe, Yahaya alinieleza, akatembea nayo barazani mpaka akaridhika. Nililia ndani ya lile duka bila kujali.

Mwalimu Paschal alikufa masika. Uani Yuster alikaa kwenye kigoda akapiga, na hata wanaume walifuta macho. Jeneza likanyanyuliwa, naye akasimama akatangulia. Tulikuwa hatujamaliza mwinuko wa kwanza alipokwama, mivukuto imening'inia. Bulugu alikuja mbio, akainama mbele yake akaishika kodiani kwa chini, jasho linamtoka, anasema, "Piga, mama, nimekushikia, piga!" Ikatoa mlio kama wa mbuzi. Mlimani watu wawili hawawezi kuvaa chombo kimoja. Wabebaji walikuwa wameelemewa, wakawapita. Huko mbele vijana walikuwa wamefunga spika kwenye pikipiki, eti kwa tahadhari, nao wakaiwasha.

Hivyo ndivyo tulivyompandisha Mwalimu.

Tuliporudi, tulimkuta Yuster uani, kwenye kigoda, anapiga ule wimbo wa kusindikiza. Viti vyote vilikuwa vitupu. Alikuwa ameshuka peke yake na kuanza upya, na hakujua kwamba tumeshafukia. Bulugu alipomwona aligeuka akaenda zake bila kuaga mtu.

"Sauti ilikuwa inafika huko juu?" Yuster aliniuliza.

Nilitaka kumdanganya, ulimi ukakataa. "Hapana, dada. Hata kidogo."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaniomba nimvue mikanda, kwa sababu mkono wake wa kushoto ulikuwa haunyanyuki.