Miaka Miwili Nasali kwa Mdomo Mtupu

Hivi wewe ushawahi kumpikia mtu kila siku, haji, na unga hupunguzi? Basi ndo mimi na Mungu, tuliporudi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, baada ya kukimbia vita.

Sisi Wamakonde wa bara, Wakristo tangu kwa mama yangu. Tuliporudi, nyumba nikasimamisha, muhogo nikapanda, ukashika. Sala ndo ikagoma. Nikisema Baba Yetu, midomo inakwenda, moyoni kimya, kama napiga hodi nyumba iliyohamwa.

Na mimi ndo mgonga chuma wa kapela yetu, kikanisa chetu cha kijijini. Kengele hatuna, tuna rimu ya gari imening'inizwa. Nikigonga, watu wanakuja kusali na katekista, maana padri mpaka umuote. Jumapili moja nikasema sigongi. Nawaita watu kwa nani, na mimi mwenyewe simsikii? Nikakaa zangu namenya muhogo.

Mara huyo jirani yangu, mwanamke wa hapa hapa pwani, Mwislamu, kavimba. Kumbe vitumbua vyake anabandika akisikia chuma changu, ili tukitoka tuvikute vya moto! Leo kangoja, kangoja, unga umeumuka mpaka unamwagika chini, kuku wanakula. Akaniuliza kama nimekufa, aniandalie sanda.

Nikamweleza ukweli. Nikajua atanihurumia. Akacheka, mwenzangu, akashika mbavu.

"Shoga, unadhani mimi swala zote tano nazisikia moyoni? Nyingine nasujudu huku namuwaza paka na samaki wangu jikoni. Lakini nasujudu. Nenda kagonge."

Nikaenda, kanga imekaa upande. Katekista akaniuliza kama huko mbinguni nako walichelewa kuamka. Watu wakacheka, nami nikacheka.

Usidhani siku hiyo nilishukiwa na nuru. Hata cheche! Nilipiga magoti nikasema, Bwana, neno sina, ila nimekuja. Jumapili ya pili vile vile. Miaka miwili hivyo hivyo, nakuja mikono mitupu, nakula vitumbua, narudi.

Halafu asubuhi moja shambani, nachimba muhogo, nikajikuta naimba wimbo wa Mama Maria. Nimeuanza saa ngapi, sijui. Nikakaa chini kwenye tuta, nikalia kwa raha, jembe mapajani.

Sasa bado inakuja siku moja moja, ile hali ya kimya. Siiogopi tena. Naikaribisha kama mgeni asiye na maneno, naendelea na kazi.

Juzi nilikuwa namhadithia mjukuu wangu wa kike, ananisuka nywele. Akaacha kusuka, akauliza hali ile ikirudi nimeshakuwa kikongwe wa kitandani, hata kusema siwezi, itakuwaje? Nikamwambia hilo ndo linalonitia hofu, nisije nikamwacha Mungu mwishoni.

Akanigeuza uso.

"Humwachi, bibi. Siku hiyo nitakaa na wewe kitandani, nisali kwa sauti mpaka mwisho, na amina yako nitaitikia mimi."